Razor bado ananidai

Jana mpwa wangu kaniuliza, "Mjomba, eti na wewe zamani ukicheza gemu?" Nikacheka. Mie niliyekuwa nikikosa urojo wa jioni ili nipate nusu saa ya PS2, mashine ya gemu!

Kibanda chenyewe kilikuwa Mlandege: televisheni mbili, benchi la mbao, joto kama tanuri. Tulianza na Need for Speed Underground ya 2003, gemu la mbio za magari. Usiku mtupu, taa za rangi chini ya gari, na polisi hakuna. Halafu Most Wanted ya 2005 ikatumaliza kabisa. Mwanzo tu Razor, mpinzani mkuu wa gemu hilo, anakuchukulia BMW M3 GTR yako kwa hila, nawe uanze kuwapiga wapinzani 15, mmoja mmoja, mpaka umfikie yeye. Polisi nao wako nyuma na ving'ora. Mie nilibakisha watatu. Disemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010, na memori kadi yangu, iliyohifadhi pale nilipofikia, sijaiona tena.

Ukubwani ndipo nikajua zote mbili zilitoka mikono ile ile, studio ya EA Black Box ya Vancouver, Kanada. Studio ikafungwa 2013. Midnight Club, gemu jingine la mbio, ya wale wa San Diego, Marekani, tuliidharau kwa ushabiki tu. Haki ya Mungu wao waliwatangulia Black Box kumwachia mchezaji mji mzima azurure, tangu 2000.

Mpwa kanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo Razor hukumshinda?"