Kanisa lililoliwa na bahari

Jamani, leo nimeshinda kwenye simu nikitazama picha za kale za kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Vinu vya upepo, vijiji, mashua za wavuvi. Nzuri, ila nilizipita haraka.

Nikakwama Dunwich.

Karne nyingi zilizopita mji huu ulikuwa bandari kubwa kwelikweli. Dhoruba za karne ya 13 na 14 zikaumega vibaya, na bahari haijaacha mpaka leo. (Eti hadi 1832 kijiji kilichobaki bado kilikuwa na wabunge wawili! Wa kuwasemea samaki?)

Picha zenyewe ni za kanisa la All Saints. Mwaka 1904 ukingo wa mchanga unaomegwa na bahari ulishalifikia.

Picha moja, kuta ndefu na mnara.
Inayofuata, kuta zimepungua.
Nyingine, mnara pembeni kabisa.

1919 nao ukaanguka.

Kilichonishika ni madirisha. Nikawa nayahesabu kila picha, najua yatapungua, na bado moyo unashtuka.

Hata makaburi yalimegwa, mifupa ikachomoza ukingoni.

Nyie mngethubutu kusogea pale na kamera? Na kwenu kuna mahali pamebaki pichani tu? Tupieni hapa tuone.