V8 imeondolewa, sasa ni haibridi

Jana pale gereji hapa Nakuru tulibishana mpaka chai ikapoa, sisi wenye pikapu za kubeba viazi kutoka Molo. Mada ni Toyota Tundra ya 2022, ile dude kubwa ya Marekani, wameondoa injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.7 wakaweka V6 (silinda sita) ya tabo mbili, zile za kusukuma hewa kwenye injini, na ile ya haibridi, yaani petroli na umeme pamoja, ina mota ya umeme kati ya injini na giaboksi, nguvu za farasi 437 jamani! Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Fundi, mikono imejaa grisi, akauliza tu, "Hiyo betri ikikufia Mau Narok nani ataiguza?" Mimi naipenda, lakini usukani uko kushoto, kuileta Kenya ni shida tupu. Nikarudi kwa Hilux yangu, klachi inateleza lakini tunajuana.