Kanzu ya Shangazi

Idd ile tulikula kwetu Ngamiani, barabara ya 12, na wifi yangu ndiye aliyeshika jiko. Pilau huipikia uani kwa mkaa, na maji yakikauka hupalia makaa juu ya mfuniko. Ukoko wake watu hugombania. Mwanangu, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa ameuposa tangu asubuhi. Kila aliyepita uani aliambiwa ukoko una mwenyewe, na shangazi mtu akaitikia, "Wako, baba, nani akuchukulie?"

Wakaja wageni na mtoto wao. Mtoto akaulilia ukoko, wifi akaubandua wote akampa. Mgeni ni mgeni.

Mimi nilikuwa napakua. Nilipoinua macho mwanangu alikuwa anavua kofia, kisha kanzu, vyote zawadi ya Idd kutoka kwa shangazi yake. Akavikunja kwa jinsi alivyoweza, akamwekea mapajani bila neno. Akabaki na kaptula na viatu.

Watu wakaangua kicheko. Wifi akamtania, "Na viatu je, huvivui?"

"Viatu kanunua mama."

Mwili ulinisisimka. Hesabu ile naijua. Nilipokuwa mkubwa kidogo kumzidi yeye, baba alininunulia kandambili soko la Mgandini, na njiani akanigombeza mbele za watu kwa kosa la kaka yangu. Nilizivua palepale, nikamkabidhi, nikatembea peku kwenye mchanga wa saa saba mchana. Gauni sikulivua, lilitoka kwa mama. Baba alizibeba mkononi mpaka nyumbani.

Nikamgeukia mama yangu, aliyekuwa ameketi jamvini. "Usinitazame mimi," akasema. "Wangu nilishamlea."

Angechukua rangi yangu, sawa. Hata sauti yangu hii ya kukwaruza. Lakini hili limenigharimu. Kuna binti wa mama mdogo tulinuniana mpaka watoto wetu wakakua hawajuani.

Mtoto akaenda kukaa barazani. Wifi akamfuata na paja la kuku, akamfuata na soda, na kila alipobembelezwa alizidi kuugeukia ukuta. Nani asiyejua kwamba aliyesusa anataka kubembelezwa? Sisi wenyewe wasusaji. Ukilipokea paja mbele ya watu, umeuza haki yako kwa paja. Unachotaka ni mtu mmoja akiri kwamba kile kilikuwa chako, kisha upate sababu ya kuinuka ambayo haifanani na kushindwa.

Nikawaomba wote waingie ndani wakale. Nikachukua kapu la machungwa ya Muheza, nikakaa upande wa pili wa baraza nikimenya. Sikumtazama.

"Ukoko ulikuwa wake," nikasema, kama naliambia chungwa. "Aliusema mapema, na akakubaliwa."

Nikamenya jingine. "Sasa maganda haya sijui niyatie wapi."

Alikawia. Kisha akaenda uani, akarudi anakokota ndoo, akaishikilia nikitupia maganda.

"Hata wa chini kabisa wameumaliza?"

"Umekwisha wote."

Uongo mdogo ungemtuliza upesi, ila mtu wa aina yetu akikunasa na uongo saa hiyo, umeongeza deni. Akaguna. Akala machungwa, na baadaye akaingia ndani akala pilau yake kifua wazi, paja na yote.

Kanzu hakuigusa siku ile. Wifi alirudi nayo kwake bila kulalamika, akaifua, akaipiga pasi. Idd ya Mfungo Tatu akashika jiko tena. Safari hii ukoko aliubandua kabla ya kumpakulia yeyote, akampelekea kwenye sahani, kanzu ikiwa begani. Mtoto akautafuna mpaka chembe ya mwisho, akanawa, akanyoosha mikono avalishwe.

"Tumemalizana, baba?" wifi akauliza.

Akajitazama chini, akajipapasa kichwani.

"Bado kofia."