Ukoka wa mbele ya nyumba umejaa vipara? Uondoe, panda mimea inayotambaa

Watu wengi wakiona ukoka wa mbele ya nyumba umeanza vipara wanakimbilia mbolea na mpira wa maji, wanapandikiza upya, unapendeza kidogo alafu kipara kinarudi palepale. Na kitarudi tu, kwa sababu kilichoua ukoka wa kwanza bado kipo. Chini ya mti kuna kivuli, na ukoka wa aina nyingi unataka jua zaidi ya nusu siku. Kwenye ile njia ya mkato kutoka getini hadi mlangoni udongo umeshindiliwa na miguu mpaka mizizi haina pa kupumulia. Pale mbwa anapokojoa nitrojeni imezidi, imeunguza, ndo maana unaona duara kavu katikati na pembeni yake pete ya majani ya kijani kuliko bustani nzima.

Kwa hiyo kabla hujang'oa chochote zunguka uvisome hivyo vipara kimoja kimoja. Chukua bisibisi ndefu, siku moja baada ya kumwagilia uichomeke ardhini kwa mkono. Ikizama bila shida sentimita 10 au 15 udongo uko sawa, ikigoma mwanzoni tu hapo hata upande mmea mgumu kiasi gani utateseka, lazima uma au jembe lipite kwanza na mboji iingie.

Sasa mmea upi. Mi nikiulizwa nasema karanga pori kwanza, Arachis pintoi, asili yake Brazili, mradi tu unaishi sehemu isiyo na baridi ya kugandisha. Inatambaa chini chini, maua madogo ya njano karibu muda wote, inavumilia kivuli cha mti (maua ndo yanapungua), na haikudai mbolea maana ni jamii ya kunde, inajitengenezea nitrojeni. Ukitaka kuhakikisha fukua kijimzizi kimoja taratibu, utakuta vishanga vidogo vimeng'ang'ania mzizi, pasua kimoja kwa ukucha, ndani kikiwa na rangi ya waridi ujue bakteria wamo kazini wanavuta nitrojeni ya hewani. Naipenda sana hii, yaani udongo unalishwa na kitu kilekile kinachoufunika.

Kwenye nchi za baridi kazi hiyohiyo inafanywa na klova nyeupe (white clover, nayo ni jamii ya kunde), na inaniuma watu wanavyoiita gugu. Zamani mbegu za klova zilikuwa zinachanganywa makusudi kwenye mbegu za ukoka, zilipokuja dawa za kuua magugu kama 2,4-D baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, dawa inaua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, klova ikafa nayo na ikaanza kuhesabiwa kuwa adui. Nyuki wanaipenda mno, kwa hiyo kama watoto wanacheza peku hapo ikate kabla haijachanua. Jua kali na udongo usiotuamisha maji, weka taimu (thyme, kile kiungo cha jikoni) ile inayotambaa. Kivuli kizito kabisa, weka Ophiopogon, ina majani membamba ya kijani iliyokolea, inakua polepole sana lakini ikishashika imeshika.

Wedelia, ule mmea unaotambaa wenye maua ya njano, mi siishauri hata kama inafunika haraka na ni ya bure. Hiyohiyo haraka ndo tatizo, inaruka mipaka, inaingia mitaroni na porini inazima mimea mingine, na imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kingine niseme wazi, hakuna mmea hapa unaovumilia mpira wa miguu kila jioni, kwenye hilo nyasi ni nyasi. Pale watu wanapopita kila siku weka mawe bapa, katikati ya jiwe hadi katikati ya jingine kama sentimita 60, mimea ijaze mapengo.

Kuua ukoka wa zamani ndo kazi yenyewe na hapa usifanye haraka. Njia ninayoiamini ni makatoni: kata ukoka mfupi kabisa, mwagilia, tandaza makatoni yasiyo na selotepu wala ule mng'ao wa plastiki, yapandiane sentimita 15 hivi nyasi zisipate upenyo, loanisha tena, juu weka matandazo ya sentimita 8 hadi 10, majani makavu au vipande vya miti. Miezi miwili mitatu nyasi zinaoza humo humo na minyoo inafanya mengine. Kama jua lenu ni kali kweli unaweza kufunika ardhi iliyolowa kwa nailoni inayopitisha mwanga, sio nyeusi, kingo umezifukia, kwa wiki 4 hadi 6, joto linapika mizizi na mbegu za juu juu. Ila ndago, jamani, ndago inatoboa katoni na inatoboa nailoni, hiyo fukua na vitunguu vyake vyote, ukiacha kimoja kinazaa ukoo mzima.

Kupanda subiri mvua zinapoanza. Kwa karanga pori chukua pingili zenye vifundo viwili vitatu, kifundo kimoja kifukiwe, panda kwa zigizaga. Ukipisha sentimita 30 unahitaji kama miche 11 kwa mita ya mraba, ukipisha 20 ni kama 25, kwa hiyo piga hesabu ya eneo kabla ya kununua, na kama mfuko hauruhusu anza na kona moja, yenyewe itakupa pingili za kona inayofuata. Usiweke kile kitambaa cha kuzuia magugu chini yake, vikonyo vinatambaa juu vinatafuta udongo wa kutia mizizi, vikikuta kitambaa vinakauka.

Alafu mwaka wa kwanza utapalilia. Sana. Wanaokwambia mimea hii haina kazi wanaongelea mwaka wa pili kuendelea, huu wa kwanza ardhi bado iko wazi katikati ya miche na kila mbegu iliyolala inaamka, pita kila wiki magugu yakiwa madogo uyang'oe kwa vidole na uweke matandazo kwenye mapengo. Maji nayo ni hivyohivyo, mwagilia mpaka ishike, baadae unapunguza taratibu. Majani yakishagusana magugu yanakosa mwanga na unabaki na kukata kingo mara chache kwa mwaka zisipande njia, na vile vipande vya kingo vichomeke palepale penye pengo vikiwa bado vibichi.