Siku yangu na daftari la chumba cha dharura

Saa moja na nusu asubuhi. Mimi ni karani wa takwimu katika chumba cha dharura cha hospitali moja hapa Pemba. Kazi yangu ni kutazama watu wameingia na dalili gani, kabla hata majibu ya maabara hayajatoka: homa, vipele, kuharisha, kutapika.

"Shikamoo dada," namwamkia muuguzi wa zamu ya usiku.

"Marahaba. Usiku wa leo matumbo tu."

Wa kuharisha ni sita. Kwa kawaida huwa wawili, watatu. Ni masika, maji ya juu yanaingia visimani. Nateremsha kidole kwenye safu ya makaazi: wanne wameandikiwa "Cha". Cha ipi? Kuna Chachani, kuna Chanjaani, na Chake Chake yenyewe. Wagonjwa sita waliotawanyika huenda ni mvua tu. Wanne wa mtaa mmoja, hapo pana kitu.

Saa mbili na nusu. Napita kitanda kwa kitanda. Mama mmoja anamnywesha mwanawe maji ya chumvichumvi kwa kijiko, tone likimwagika analifuta kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, maji tunateka kisima cha msikitini." Vitanda viwili vinavyofuata, jibu ni lile lile. Watatu, shehia moja, yaani mtaa mmoja chini ya sheha mmoja, na kisima kimoja.

Saa nne. Nampigia simu afisa wa wilaya. Shaka ya kipindupindu hutolewa taarifa ndani ya saa 24, haingoji ripoti ya wiki. Dalili huweza kuchelewa hadi siku tano, kwa hiyo aliyekunywa maji yale leo anaweza kuletwa keshokutwa. Sampuli za choo zinakwenda maabara.

Saa saba. Sala, wali, narudi.

Saa nane. Naingiza takwimu kwenye kompyuta. Kila nikiona wengi wameingia pamoja nakumbuka Machi 2024, nyama ya kasa ilipoua watu tisa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, wanane kati yao watoto. Sumu ile haina dawa yake. Kinachookoa ni kumuwahi jirani ambaye chungu chake bado kiko mekoni.

Saa tisa na nusu. Kipimo cha haraka hakikuonesha kipindupindu, ila maabara bado inaotesha vijidudu ili ihakikishe. Sheha na bwana afya wako kisimani na klorini. Nachukua rula, napiga mistari kurasa za kesho, na juu ya safu ya makaazi naandika kwa wino mwekundu: SHEHIA, JINA ZIMA.