Mipira ya Kaka na Maka Peni ya Mjomba

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja Tanga kutoka Dar na boksi la mipira ya gofu ya Titleist Pro V1 ambalo hata nailoni lilikuwa halijatolewa. Mjomba akaliangalia, akauliza bei. Alipotajiwa akanyamaza kidogo. "Wallahi kwa hela hiyo mimi nanunua kuku na mchele wake, na chenji inabaki."

Mjomba alijifunza gofu kwa kubeba mabegi ya mameneja wa mashamba ya mkonge, na mpaka uzeeni alipiga mpira wowote ulioingia mkononi. Kaka hakuafiki. Alidai mipira ya bei rahisi inamnyima mita nyingi. Hakuna kati yao aliyekuwa mchezaji wa kutisha. Kumaliza mashimo 18 kwa mapigo zaidi ya 90 ilikuwa kawaida yao, na siku ya upepo kaka alivuka hata 100.

Mjomba hakubishana. Alinituma maka peni, akanitaka nifute kwa wino majina yote, ya mipira ya kaka na ya mipira yake ya kuokoteza. Nikaweka alama yangu pembeni, nukta ambayo mimi tu niliijua maana.

Ulikuwa msimu wa kusi, upepo unavuma kutoka baharini na minazi imeinama upande mmoja. Wakapiga kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali, kwa zamu, kila mmoja mipira ya aina zote mbili. Nikatembea kuikagua ilikoangukia. Imechanganyika kabisa. Kaka akauonyesha uliokwenda mbali kuliko yote, akaapa ni wake. Nikaugeuza: wa Mjomba.

Si ajabu. Mpira wowote ulioidhinishwa kwa mashindano haupaswi kuzidi gramu 45.93 wala kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67, na R&A ya Uingereza pamoja na USGA ya Marekani, wanaotunga sheria za gofu, wameweka kikomo cha umbali unaoweza kwenda kwenye kipimo chao. Hela ya ziada hainunui ruhusa ya kukivuka. Na mtu ambaye leo anaugonga katikati ya fimbo, kesho ukingoni, anapoteza mita nyingi kwa mkono wake kuliko kwa mpira.

Tukasogea karibu na grini, pale penye nyasi fupi na shimo, wakachukua weji, fimbo ya mapigo mafupi. Hapo mambo yakabadilika. Mipira ya Mjomba ilitua, ikateleza, ikapitiliza bendera. Ile mingine iliruka mara moja, ikasita, ikakaa. Mjomba akapiga mmoja asioujua, akausikiliza ulivyogusa fimbo, akasema, "Huu una breki."

Breki hiyo inatoka kwenye ganda. La Pro V1 ni yurethani, plastiki laini. Weji ikilibana dhidi ya tabaka gumu lililo chini yake, mifereji ya fimbo inaling'ata na mpira unazunguka kwa nguvu kurudi nyuma. Mipira mingi ya bei rahisi ina ganda gumu la ionoma, plastiki ya aina nyingine, ambalo halimeguki ovyo lakini haling'atiki vizuri. Kisha tukaihamishia kwenye nyasi ndefu. Majani yalipoingia kati ya fimbo na mpira, yote ikateleza karibu sawasawa.

"Si nilisema?" kaka akajigamba.

"Ulisema mita. Breki hukuzitaja."

Mimi siku ile niliondoka na jambo ambalo wao hawakulijadili: Mjomba alikuwa akibadilisha mpira kila shimo, na kila mmoja ulitua kivyake. Angebaki na aina moja tu, hata hiyo ya bei rahisi, angejua mapema kama utasimama au utateleza.

Tukaanza kucheza. Haikuchukua muda kaka akaupeleka mmoja vichakani, na wa Mjomba nao ukafuata. Vijana wanaotafuta mipira wakatoka na yote miwili, majina bado yamefunikwa wino. Yule mdogo akaupima wa kwanza kwa ukucha, akaubonyeza ganda, akausogeza pembeni.

"Huu elfu tano. Huo mwingine elfu moja."

"Huo ni wangu, nimeupiga sasa hivi!" kaka akafoka.

"Ulikuwa wako, bro, kabla hujaupiga."

Mjomba akatoa elfu yake bila neno, akachukua mpira na kwenda zake. Kaka akabaki pale jua la saa sita, akimbembeleza mtoto ashuke mpaka elfu tatu.