Nilivyopima pango la maji kwa tarehe za mwezi

Kusini Unguja, upande wa Jambiani na Makunduchi, ardhi kubwa ni uwanda: jiwe la matumbawe lililotoboka, na udongo kidogo mno juu yake. Mvua ikinyesha hakuna mto unaotiririka. Maji yanazama, na huko chini mna mapango. Mojawapo lina maji yanayotumiwa na kijiji, na sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, aliniruhusu kulipima. Mwangalizi wa mzimu wa humo alitaka nivue viatu tu. Nikavua, japo jiwe lile linakata.

Kazi kubwa ilikuwa maji. Maji matamu ya mvua ni mepesi, hivyo huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Kanuni inasema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Lakini karibu na pwani mwinuko wenyewe ni mdogo sana, tabaka linakuwa jembamba, na bahari hulipandisha na kulishusha mara mbili kwa siku. Namba ya uchumvi isiyoambatana na hali ya bahari haikuambii kitu.

Kwa hiyo daftari langu nililipanga kwa mwezi mwandamo, kama wavuvi: bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, huku; maji mafu, siku za kujaa na kupwa kidogo, kule. Mzee mmoja alilitazama akasema, "Mwanangu, mwezi ukiandama usikimbilie. Ngoja siku mbili, hapo ndipo maji yanakuwa makubwa." Pango nalo lina uchelewaji wake: pwani maji yameshaanza kupwa, humu bado yanapanda.

Kihisi cha uchumvi, kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, nilikifunga kwenye mshipi wa kuvulia wenye mafundo na chubwi ya kuuzamisha, nikakishusha fundo kwa fundo, polepole, nisiyatibue maji. Maji ya bahari husoma kama mikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Juu nilipata maji ya kunyweka, kisha mafundo machache chini namba zikaruka. Siku za bamvua mruko huo ulikuja juu zaidi.

Nilipima na hewa ya pangoni, nayo ina ujanja mwingine. Pumzi ya mtu ina hewa ukaa karibu mara mia ya ile iliyo nje, kwa hiyo ukisimama karibu na kipimo unajipima mwenyewe. Nilikiacha kirekodi usiku kucha, na siku za watu kufukiza ubani nikaziwekea alama. Ubani huo huo ulinifaa mlangoni, maana moshi wake unaonyesha hewa inaingia au inatoka. Ndani ya pango joto halitoki mbali na wastani wa mwaka wa kisiwa, kama nyuzi 26. Usiku wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, nje kunapoa, hewa nzito inashuka pangoni na kuisukuma ile ya zamani. Wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, nje kuna joto, hewa ya chini inatuama, na hewa ukaa inajikusanya mashimoni. Kipindi hicho sishuki peke yangu, wala sikai chini kupumzika.

Unyevu wa hewa ndio uliochosha. Vipimo vya bei nafuu vinaganda kwenye asilimia 99 vikipata umande. Kwanza nilivihakiki kwa chumvi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo ndani ya kopo lililofungwa kabisa. Humo unyevu hutulia kwenye asilimia 75. Ndani kabisa nikatumia vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimevishwa kitambaa chenye maji. Vikisoma sawa, hewa imeshiba unyevu.

Kamati ya maji ilichukua kurasa za uchumvi tu, mengine hayakuwahusu. Mdomo wa bomba la pampu umenyanyuliwa kutoka chini, sasa unavuta tabaka la juu, na siku za bamvua pampu haiwashwi mpaka maji ya pangoni yaanze kushuka.